Ngazi Isiyopita Ukumbini

Nilipochumbiwa na Refaat, watu wa kijiji chetu cha Nagaa Sawaqi waliniambia mambo mawili juu ya mama yake: hajui kusoma, na hadanganyiki. Nilidhani wananitisha tu, maana hakuna bi harusi asiyetishwa na habari za mavyaa. Kisha nikamwona sokoni akinunua kitambaa. Muuzaji alimkatia mita nne, akakunja vizuri, akatabasamu. Yule mama akatoa uzi mfukoni, akaunyoosha juu ya kitambaa mbele ya watu, akasema, "Mwanangu, shubiri yangu moja imelala kwako. Iamshe." Muuzaji akaiamsha.

Uzi ule nimeushika mara nyingi tangu siku hiyo. Ni wa pamba, mnene, una fundo dogo kila nusu mita na fundo kubwa kila mita. Kwa uzi huo Atiyat, au Mama Refaat kama kila mtu anavyomwita, aliipima nyumba ninayoishi leo kabla haijawa na tofali hata moja. Bajeti yake aliiendesha kwa maharage. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimesoma hadi chuo, na sioni aibu kusema kwamba sijakutana na mhandisi ninayemheshimu kuliko yeye.

Lakini lazima nianze na nyumba nyingine, ile aliyoolewa ndani yake, nyumba ya mavyaa wake Bibi Galila. Mumewe, Haji Abdelshafi, alikuwa fundi lipu huko Riyadh. Miaka kumi na saba alipiga lipu kuta za watu, akirudi mara moja kwa mwaka na sanduku zito. Miaka yote hiyo Mama Refaat alilea watoto watatu wa kiume katika orofa ya juu ya Bibi Galila. Nyumba ilikuwa na ngazi moja tu, nayo ilishukia katikati ya ukumbi, mbele ya kochi la bibi.

"Atiyat! Umefunika nini kwenye sinia hilo?"

"Mkate, Bibi."

"Mkate wa kwenda kwa nani? Na mbona umevaa viatu vya kutokea?"

Hayo yalikuwa ya kila siku, na mtu huyazoea. Lakini lilikuwapo jingine. Wageni wa kiume wakikaa ukumbini, mwanamke aliye juu hubaki juu. Kwetu ndivyo ilivyo. Haikuandikwa popote, na sijaona mtu akiivunja. Bibi mzee hupita atakavyo, lakini mke wa mtoto hakatizi mbele ya wanaume wageni hata kama sufuria lake linaungua.

Haji aliporudi moja kwa moja, akiwa na akiba yake yote na mgongo mbovu, kiwanja kilikuwa kimekwisha kununuliwa: mita kumi kwa kumi na tano, kando ya kichochoro. Mama Refaat akamwaga juu ya sinia maharage mia na ishirini, kila harage pauni elfu moja. Akayagawa mafungu: msingi, nondo, zege, matofali, milango na madirisha, maji na umeme. Pembeni akaweka fungu dogo aliloliita "Mungu anajua". Hilo lilikuwa la yasiyotarajiwa, na lilikuwa haramu kuguswa.

Refaat alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Haji alitazama sinia, akasema, "Nataka nguzo mbili za marumaru mlangoni."

"Harage ngapi?"

"Kumi hivi." Akanyoosha mkono kwenye fungu la nondo, akachapwa kofi la vidole.

"Nondo usiguse! Wanao watajenga orofa zao juu ya nini, juu ya sifa zako?"

"Mama Refaat, watu wakipita wataona nini?"

"Wataona mlango."

"Mlango mtupu?"

"Nyumba njema si mlango, Haji. Na wewe hata mlango wenyewe huutaki, unataka nguzo!"

Mtu wa lipu huuona uso wa nyumba kabla ya nyumba; simlaumu mkwe wangu. Walibishana, wakapatana harage sita kwa nguzo nyembamba. Siku ya tatu kuku akaingia, akadonoa manne kabla hajafukuzwa, na Haji akacheka hadi akapaliwa. "Haya! Kuku amekula choo cha juu!" Mama Refaat akachota manne mengine guniani, akayarudisha bila kucheka. Baadaye kidogo bei ya nondo ilipanda, harage nne kamili. Akazitoa kwenye vigae vya jikoni kwake, akasema kuku alikuwa amewaambia mapema.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, haukuwa wa nguzo. Ulikuwa wa ngazi.

Haji alikuwa amerudi na ndoto. Alitaka ukumbi mkubwa wa wageni mbele, na ndani yake ngazi ishuke ikipinda, yenye vishikio vya mbao. "Nyumba kumi za namna hiyo nimezipiga lipu kwa mikono hii," alisema. "Miaka kumi na saba sikusikia miguu ya watoto wangu ikipita. Sasa nataka nikae, ninywe chai yangu, nimwone kila anayeshuka na kila anayepanda. Ni kosa?"

"Si kosa."

"Basi?"

"Katika nyumba hizo kumi, wanawake walishukia wapi wageni wakiwepo?"

Haji akafikiri. "Sijui. Kulikuwa na ngazi nyingine nyembamba upande wa jikoni. Sisi tulidhani ya watumishi."

"Mlidhani," akasema mkewe.

Yeye alitaka ngazi yenye ukuta wake na mlango wake, ifungukie kichochoroni, isiuguse ukumbi kabisa. Ingekula mita mbili na nusu za ukumbi wa Haji, na ukuta wa ziada, na mlango wa chuma. Harage tisa. Haji akasema hapana: watoto watakuwa kama wapangaji, baba atabaki kusikia mlango tu ukigongwa. Na hapana hiyo aliisema mbele ya fundi. Mwanamume wa kwetu akishasema hapana mbele ya fundi, kuirudisha ni kazi kama kurudisha maziwa kiweleni.

Mama Refaat akanyamaza siku sita. Siku ya saba akaagiza chokaa.

Desturi yetu ni kwamba msingi ukikaribia kuchimbwa, nyumba huchorwa kwa chokaa juu ya udongo kwa ukubwa wake kamili, na wenyewe hualikwa waitembee. Nami nikaja na mama yangu, kwa sababu ndoa yangu na Refaat ilingoja orofa ya juu ya nyumba hiyo. Mama alitaka kujua upana wa madirisha ajue mapazia. Nilimwambia hakuna cha kupima, maana nyumba yangu mimi ilikuwa hewa tu, mita tatu juu ya vichwa vyetu. Akanikanyaga mguu ninyamaze.

Fundi Wadie, mwashi Mkristo wa Kikopti ambaye kijijini kwetu hakuna msikiti wala kanisa lisilo na tofali lake, alikuwa amemaliza kuta za nje. Akasimama na kopo lake la chokaa. "Ngazi niiweke wapi?"

"Ukumbini," akasema Haji, akijiandaa kwa vita.

"Ichore hapo hapo Haji anapotaka," akasema Mama Refaat.

Hata Fundi Wadie alimtazama mara mbili. Akachora: mistari kumi na nane iliyopangana, ikishukia katikati ya ukumbi. Mama Refaat akatandika mkeka humo, akaleta chai. Akawakalisha Haji, fundi, wanawe watatu, na majirani wawili waliokuwa wamepita kutazama. Bibi Galila alikuwa ameletwa na kiti chake ili aombe dua. Naye akawekewa kiti pembeni ya ukumbi. "Kochi lako liko hapa, Bibi," aliambiwa, akafurahi.

Kisha Mama Refaat akanishika mkono mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimwogopa. Akanisimamisha kwenye mstari wa mwisho kabisa.

"Hapa ni juu," akasema. "Wewe sasa ni mke wa Refaat. Kwenu ni ng'ambo ya mfereji. Amekuja mtu, amesema baba yako anakata roho. Nenda kwa baba yako."

Mama yangu aliruka. "Mungu apishie mbali! Dada, uchuro gani huu unamchuria mume wangu?"

"Niwie radhi, dada yangu. Ni mchezo, na Mungu ampe umri. Nenda, mwanangu."

Nikacheka, nikashuka mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne nikainua macho, nikawaona wale majirani wawili wameshika bilauri zao. Miguu ikasimama yenyewe. Kulikuwa na chokaa tu! Hatua moja pembeni ningekuwa nimeupita ukuta na niko barabarani. Sikuweza. Nilijisikia mjinga, na bado sikuweza.

"Kunyweni chai," Mama Refaat akawaambia wanaume. "Mna suluhu ya shamba, maneno ni mengi. Bado sana."

Wakanywa. Nikasimama. Jua lilikuwa la saa tano na lilinichoma shingo. Haji akacheka kidogo. "Haya, tumeelewa. Apite."

"Nani amemwambia apite? Wewe humwoni. Yuko juu, amejibanza."

"Basi namwita."

"Utamwitaje, una wageni?" Akajaza bilauri upya, bila haraka. Refaat akataka kuinuka. "Wewe kaa! Wageni wa baba yako huwaachi."

Bilauri ya pili ikaisha. Hakuna aliyecheka tena. Mama Refaat, yule asiyepotewa na shubiri sokoni, akaimimina ya tatu hadi ikamwagika mkekani. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Haji. Kunywa."

Hapo fimbo ikagonga udongo. Ilikuwa ya Bibi Galila.

"Saa mbili," akasema.

Wote tukageuka.

"Huyu mtoto amesimama dakika kumi. Atiyat alisimama saa mbili. Habari ya baba yake niliipokea mimi, nikapanda mwenyewe nikamwambia. Nikamwambia, subiri, wageni wanakwenda sasa hivi. Nikashuka." Akatafuta pumzi. "Nikaona haya kuwaondoa watu. Nikawaongezea chai. Nilikuwa namsikia juu ya kichwa changu, anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Alipofika kwao walikuwa wameshamwosha."

Haji akaweka bilauri chini. Msiba ule alikuwa ameupata kwa simu huko Riyadh, maneno mawili, mkweo amefariki. "Hukuniambia," akamwambia mkewe.

"Ningekwambia ili iweje? Ungenirudishia?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mama yangu, aliyekuja kupima mapazia, alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali akijifuta pua.

"Abdelshafi," akasema Bibi Galila, "mpe ngazi yake."

"Si yangu," akasema Mama Refaat. "Mimi nitakaa chini. Sitaipanda hata mara moja kwa wiki. Ni ya huyu." Akanionyesha mimi, niliyekuwa bado nimesimama kwenye mstari wa nne kama sanamu. "Na ya watakaokuja baada yake."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Ninawajua wanawake walioteswa na mavyaa zao wakangoja zamu yao wakalipiza kwa mkaza mwana, na kijiji kikaona ni haki yao. Yeye zamu yake ilifika. Kochi lilikuwa tayari, ukumbi ulikuwa tayari, mume mwenyewe ndiye aliyetaka. Akaomba harage tisa ili wengine wasipite alipopita.

Haji aliinuka. Akafuta mistari kumi na nane kwa kiatu chake, mmoja mmoja, kisha akafoka, "Fundi Wadie! Nani amekuambia uchore ngazi katikati ya ukumbi wangu?"

"Shetani, Haji," akajibu fundi, na kopo la chokaa tayari limeshafika upande wa kichochoro.

Nguzo za marumaru zikaondoka, harage sita. Tatu zilizobaki Mama Refaat alizitoa kwenye jiko lake tena, na hadi leo jiko lake ni saruji tupu, anasema vitunguu havijali. Fungu la "Mungu anajua" hakuligusa. Lilikuja kulipa pampu msingi ulipojaa maji. Upana wa ngazi aliupima kwa kabati la milango minne ambalo mama yangu alikuwa ameniagizia. Aliupima na kwa jeneza pia, ila hilo hakulitamka mbele ya mama.

Jambo moja lilimshangaza hata Fundi Wadie. Chumba kilichopakana na ngazi alikipanga kiwe cha Bibi Galila, na katika ukuta wake akaagiza dirisha dogo la kioo, litazame ngazi.

"Dirisha la kutazama ngazi?" fundi aliuliza. "Hewa haitoki huko."

"Si la hewa. Macho ya bibi yana kazi yake ya miaka sitini. Nikimwachisha atakufa."

Kwa hiyo miaka mitano ya kwanza ya ndoa yangu nilishuka na kupanda huku kioo kikigongwa. "Naglaa! Umefunika nini?"

"Maharage, Bibi!"

"Maharage gani yananukia bata?"

Nilikuwa nacheka, napita. Hakuna aliyeweza kunisimamisha kupitia kioo, na yeye alilijua hilo, na sauti yake haikuwa na ukali. Alifariki katika chumba hicho, akiuguzwa na Mama Refaat, aliyemlisha uji kwa kijiko miezi minne. Niliwahi kumuuliza Mama Refaat kama alimsamehe. Akanijibu, "Mkono ukishika kijiko, moyo hujifunza polepole." Sijui kama hiyo ni ndiyo.

Mwaka juzi, msimu wa kung'oa vitunguu, watu wa koo mbili zilizogombania maji walikuja kwa Haji wapatanishwe. Ukumbi ulijaa, viatu vilimwagika hadi nje. Saa sita mchana simu yangu ililia. Alikuwa kaka yangu. "Hali ya Baba imebadilika. Njoo."

Nilijitanda nikashuka. Sikumbuki ngazi, nakumbuka baadaye kwamba kandambili zangu hazikuwa jozi. Nilifungua mlango wa chuma, nikawa kichochoroni, nikapanda bajaji ya kwanza. Nyuma ya ukuta nilisikia wanaume wakibishana na Haji akiwaomba wamswalie Mtume, watulie. Hakuna aliyejua kama nimepita. Nilimkuta baba ana joto, ana macho, ananijua. Aliniuliza kama nimekula. Alifariki baada ya adhana ya alasiri, mkono wake mkononi mwangu.

Mama Refaat alikuja matangani, akakaa na wanawake siku zote tatu, goti lake bovu amelinyoosha mbele. Alinikumbatia kama desturi, hakuniuliza kitu. Siku ya nne nikarudi nyumbani kwangu. Nilipofungua ule mlango wa kichochoroni nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, ngazi ambayo sikuwahi kumwona ameikalia. Sijui alikuwa amekaa tangu saa ngapi.

"Ulimkuta?" akauliza.

"Nilimkuta, Mama. Aliniuliza kama nimekula."

Akajiziba mdomo kwa pindo la mtandio wake. Mabega yakaanza kumtikisika, yeye ambaye sikumwona akilia kiwanjani wala siku tuliyomzika Bibi Galila.

"Wangu mimi sijui aliuliza nini," akasema.

Nikakaa kando yake. Upana ule ulitutosha wawili, na hapo kwenye ngazi yake tukamlilia baba yake.